Kilichokupata Shambani, Mama

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia kwa masikio haya, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungeniuliza nimejifunza wapi kuingia nyumbani kwa watu bila hodi.

Nakuandikia nikiwa hapa kwako kijijini, kwenye kiti chako cha kamba ambacho mguu mmoja ni mfupi. Wengine wote wako shamba la kijiji, wanavuna. Likizo imekwisha. Kesho narudi Korogwe kufundisha, na Hadija anabaki na Mama Mkubwa. Kabla sijaondoka nataka nikueleze yaliyompata mdogo wangu tangu ulipotutoka, maana yamenirudisha kwenye lile lililokupata wewe, na watu wote niliokutana nao wameshindwa kuyatenganisha haya mawili. Hata mimi kwa muda mrefu nilishindwa.

Hadija anaanguka, Mama. Au niseme alikuwa anaanguka, Mungu aendelee kutusaidia.

Alianza siku ya arobaini yako. Kina mama wa zikiri walikuwa wamekuja wote, wamejipanga ukumbini kwa mduara, na ile pumzi yao ilikuwa imeshakuwa moja, unaijua, ile inayofanya bati la nyumba liitike. Hadija alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliweka sinia chini taratibu kabisa, akatazama juu, akatabasamu. Kisha akaenda chini kama gunia. Viungo vikamkakamaa, akatikisika, povu likamtoka. Alipozinduka alisema maneno mawili tu: "Mama alikuwepo." Halafu akalala mpaka jioni.

Hebu fikiria siku hiyo, mahali hapo, binti wa mtu aliyejulikana kijiji kizima kuwa alijazwa nuru. Nani angesema jambo jingine? Mama Mkubwa alipiga magoti akalia kwa furaha. "Mdogo wangu hakuondoka," alisema. "Amemwachia mwanawe." Toka siku hiyo kila Hadija alipoanguka walifukiza udi na kukaa naye wakisoma. Hawakumcheka, hawakumkimbia kama wanavyokimbiwa wenye kifafa wa kwingine, ambao watu wanaogopa hata mate yao. Walimheshimu. Heshima hiyo ndiyo iliyomuunguza.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mimi nimetoka kuteka maji. Hadija alikuwa akisonga ugali. Nilipoweka ndoo chini nilimkuta yuko chini karibu na mafiga, mkono wa kushoto uko kwenye makaa, na Mama Mkubwa na jirani wawili wamekaa hatua chache kutoka kwake, mikono juu, wakisoma. Nilimvuta. Mama Mkubwa alinishika bega akaniambia, "Usimguse, mwanangu, ana mgeni." Alikuwa hajauona mkono. Macho yake yalikuwa kwenye uso wa Hadija tu, kwenye lile tabasamu. Alipouona mkono alipiga ukelele ambao sitausahau. Mpaka leo akipika anamkalisha Hadija nje, naye anageuka kumtazama kila anapokoroga.

Ndipo nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, shati lake limefuliwa likapaushwa na jua. Alimuuliza Hadija maswali mazuri. Kichwa kinauma? Wapi? Kinauma kama nini? Hadija alisema kinauma nyuma, kama kuna mtu anasukuma mlango. Daktari aliandika. Ukiamka umechoka? Aliandika. Umewahi kujiuma ulimi? Aliandika. Na kabla ya kuanguka unasikia nini? Hadija akanitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Harufu ya mvua ya kwanza. Halafu nasikia utamu, mwili mzima. Halafu mama yangu anasimama nyuma yangu. Simwoni, lakini ni yeye."

Kalamu ilisimama, Mama. Niliitazama. Iliandika maumivu ya kichwa, ambayo daktari hakuyaona wala hana chombo cha kuyapima, aliyajua kwa kuambiwa tu. Ilipofika kwenye utamu, ambao pia aliujua kwa kuambiwa tu, ikasimama. Akasema ni kifafa, na dalili kama hizo huja kabla ya kuanguka, na vidonge vipo. Nilikubaliana naye. Nilifundishwa biolojia, najua ubongo ni nyama kama nyama nyingine na huweza kuugua. Kisha Hadija, kwa ile nia yake njema isiyo na breki, akamsimulia habari zako. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi huenda marehemu naye alikuwa nacho. Hutembea katika ukoo."

Nililia ndani ya basi, uso nimeuelekeza dirishani ili Hadija asione, na nje kulikuwa na mkonge tu, mistari na mistari.

Acha nikueleze kwa nini nililia. Nilipokuwa mdogo nilikuomba mara nyingi unisimulie siku uliyojazwa, na kila mara ulisema vilevile, kwa Kizigua kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya marehemu Baba, aliyependa kukusikia ukihangaika na maneno. Ulikuwa unapalilia mahindi shambani kwetu Kwaluguru, kabla ya operesheni ya kuhamia vijijini. Asubuhi imekwisha lakini jua halijawa kali. Ukanyoosha mgongo, jembe mkononi. "Sikuona kitu kipya," ulisema. "Niliona vilevile vilivyokuwapo, ila havikuwa mbali." Mahindi, udongo, kilima cha mbele, mbwa wa jirani. Havikuwa mbali, na wewe hukuwa mbali navyo. Ilichukua muda gani? "Muda wa kuchemsha chai, au mwaka mzima. Sikuangalia." Kisha ukaendelea kupalilia.

Ninachokipenda zaidi ni kile ulichofanya kesho yake. Wengine wangekwenda moja kwa moja kwa shehe. Wewe ulikula mihogo ileile, ukaenda shambani saa ileile, ukasimama mstari uleule, ukanyoosha mgongo. "Ikawa palizi tu," ulisema, na ulicheka mpaka ukashika mbavu. Baba alikuuliza kama haikuwa njaa. "Nilikuwa nimeshiba mihogo." Jua je? "Jua ni la watu wote, mbona wewe hukujazwa?" Akasema yeye alikuwa kivulini. Mngeendelea hivyo mpaka chakula kipoe.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa namsikiliza mwalimu wangu wa kwanza wa sayansi. Ulichunguza. Ulirudia. Ulipata jibu la hapana ukalisema kama lilivyo, wala hukuliongezea chumvi.

Na baada ya hapo ulibadilika, hilo si hadithi, niliishi nalo. Ulikuwa mtu mwenye hofu, mwenyewe ulisema, unaogopa giza, nyoka, wakwe. Baba alikuwa akisema, "Mama yenu amepoteza hofu kama mtu anavyopoteza jembe, kaiacha shambani na hakumbuki wapi." Siku ya kuhama, malori yalipokuja, wanawake wengine walishika miimo ya milango yao wakilia, na walikuwa na haki ya kulia. Wewe ulifagia. Ulifagia nyumba ambayo hakuna ambaye angelala tena ndani yake, ukaweka ufagio nyuma ya mlango, ukapanda lori. Na nilipofaulu kwenda sekondari, mjomba akauliza mtoto wa kike atasoma mpaka wapi, ulimjibu, "Mpaka achoke." Hukupandisha sauti.

Kwa hiyo daktari aliposema ulikuwa na kifafa, niliona kama ameingia chini ya nyumba yangu akachomoa jiwe la msingi. Kama ile haikuwa kitu ila nyama iliyougua, ni nani aliyenipeleka shule? Ugonjwa? Na kama ilikuwa kweli, mbona ukweli huohuo ulimweka mdogo wangu kwenye makaa?

Vidonge vilifanya kazi. Nilikaa na Hadija Korogwe miezi kadhaa, hakuanguka hata mara moja. Alinenepa kidogo. Alijifunza kupika wali wa nazi wa wenzangu wa pwani. Nikamrudisha nyumbani nikiwa na furaha. Nilipokuja likizo hii, jioni ya kwanza, alikaa karibu nami akaniambia bila kuficha, "Dada, nimeacha kumeza. Ulinipa afya, ukaninyima Mama."

Alikuwa ameshaanguka tena mara mbili. Mara moja kwenye bomba la maji, kwenye saruji. Ana kovu juu ya jicho. Na alikuwa na furaha, Mama. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa amechagua.

Ningemwambia nini? Kwamba ni ubongo wake tu? Neno "tu" lilinikwama. Nikifikiria mahindi, kuna jambo linatendeka kichwani mwangu, na mahindi yapo. Nikiota mahindi, jambo linatendeka vilevile, na mahindi hayapo. Kujua kwamba kichwa kinafanya kazi hakuniambii kama nje kuna shamba. Au nimwambie kweli ni wewe? Angekufa kwa neno langu, kwenye moto au kwenye kisima. Kila jibu lililokuwa tayari mdomoni lilikuwa ama la uongo ama la kuua. Ikabidi nitafute.

Kwa hiyo likizo hii nimeitumia kuuliza. Usicheke. Nilianza na wenzako wa zikiri. Niliwafuata mmoja mmoja, huyu mtoni, yule akipepeta, ili wasisikilizane, na niliwauliza swali moja: umewahi kuwa na siku isiyofanana na siku nyingine? Walinishangaa. Binti wa chuo anawauliza habari za siku. Mama Salehe alisema, "Siku niliyoolewa, na sitaki kuizungumza." Bi Zuhura alifikiri sana, akaniambia, "Mimi kwenye zikiri huwa nasikia njaa, mwanangu. Zikiri ya mama yako ilikuwa ndefu." Balozi wetu wa nyumba kumi alipopata habari akaja kunisalimu, akazunguka zunguka, mwisho akasema, "Mwalimu, nuru ni jambo jema, lakini shamba la kijiji lina majani."

Watatu walisema waliona. Na wote watatu, kila mmoja peke yake, wakaniambia vitu "havikuwa mbali".

Hayo ni maneno yako, Mama. Wameyasikia kwako miaka mingi mpaka yamekuwa ya kijiji, kama mbegu ya mahindi iliyoazimwa nyumba kwa nyumba mpaka hakuna anayejua ilitoka shamba la nani. Huenda waliona kweli wakakosa maneno mengine. Huenda waliona maneno yako tu. Sikuweza kujua, na sikuwaambia, maana nyuso zao zilikuwa nzuri walipokuwa wakisimulia.

Nilikuwa nimekata tamaa alipokuja mama Lemayani. Hukumjua. Familia yake ni wafugaji, wamehamia upande wa mbugani baada ya wewe kufariki, na analeta maziwa kijijini. Ni Mkristo wa kanisa dogo la nyasi, zikiri hajawahi kuisikia ila kwa mbali akipita. Kiswahili chake ni kifupi. Nilimuuliza swali lilelile bila kuongeza neno. Alitua kibuyu chake. Akasema kuna siku alikuwa na ng'ombe peke yake, msichana bado, hajaolewa. Akatafuta maneno, akagusa kifua chake, akafungua kiganja kama mtu anayemwaga kitu. "Ng'ombe iko. Nyasi iko. Mimi hakuna." Nikamuuliza kama aliogopa. Alinitazama kama nimeuliza upumbavu. "Nani aogope?"

Mama, nilisahau hata kununua maziwa.

Nilimwandikia Elieza. Huyu ni mwalimu mwenzangu wa fizikia, Mshambaa wa Bungu, mtoto wa mwinjilisti, mtu anayebishana hata na redio. Alinijibu haraka. Alisema mmoja ni mmoja. Alisema kitu kilichotokea mara moja kwa mtu mmoja, bila shahidi, bila kipimo, hakiwezi kuingia maabara, na akaongeza, "Dada, hata babu yangu aliona malaika kule milimani, lakini babu yangu alikuwa anamwona pia simba kila alipotaka kuchelewa kanisani." Nilicheka peke yangu. Kisha nikamwandikia kwamba daktari haingizi maumivu maabara pia, anamuuliza anayeumwa, anamlinganisha na wengine, anaangalia yanakuja lini na yanaacha nini. Kwa njia hiyo hiyo kujua kumeongezeka. Kwa nini maumivu yaaminiwe kwa mdomo wa mtu na utamu usiaminiwe? Mpaka sasa hajajibu. Kwa Elieza hiyo ni karibu sawa na kukubali, au barua imekwama posta.

Lakini lile neno nililomwandikia, yanaacha nini, lilinirudia mwenyewe usiku ule na asubuhi yake. Nilikuwa nikiuliza ulichoona ni nini, na Hadija anaona nini, na hapo siwezi kufika, hakuna dirisha. Ila yaliyobaki baada yake yako nje, mbele ya macho yangu. Nikayapanga kichwani. Wewe hukuanguka, ulibaki umesimama na jembe mkononi. Ulikumbuka kila kitu mpaka mbwa wa jirani. Ulirudi kazini. Ilikujia mara moja, ulipoitafuta kesho yake haikuja, na hukuitamani tena. Ilikuacha na ujasiri uliotutosha sote. Hadija anaanguka. Hakumbuki chochote baada ya tabasamu. Analala nusu siku. Inakuja tena na tena, na kila ikija inamwacha na hamu ya nyingine, na kovu.

Nikaona kosa. Mama Mkubwa alikuwa amemtazama Hadija akakuona wewe. Daktari alikuwa amekusikia wewe akamwona Hadija. Mmoja ana udi, mwingine ana kalamu, na wamekosea kosa lilelile: kwa kuwa mama na mtoto ni damu moja, wakadhani lililompata huyu ndilo lililompata yule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuuliza wewe kuhusu mahindi.

Nilimweleza Hadija haya tukiwa tunapukuchua kunde. Nilidhani nimeshinda. Alisikiliza, vidole vyake vizima vinafanya kazi na vile vilivyoungua vinasaidia kidogo kidogo. Akasema, "Labda Mama alikuwa na nguvu kuliko mimi. Labda ni kitu kimoja, yeye kilimbeba, mimi kinaniangusha. Mzigo uleule, mabega tofauti."

Unamwona? Huyu ndiye uliyesema hana kichwa cha shule.

Nikamwambia, "Sijui kama ni Mama anayesimama nyuma yako. Naujua mkono wako. Nalijua jicho lako." Kisha nikamwambia jambo lililonijia pale pale: kama ni mzigo uleule, basi vidonge vinakupa mabega. Vimeze, uingie kwenye zikiri, tuone. Kama ni wewe, Mama, hutashindwa na kidonge. Kama ni ugonjwa, utakaa chini na pumzi za watu zitakuwa pumzi za watu. Vyovyote itakavyokuwa tutakuwa tumejua jambo ambalo hatukulijua.

Alikubali kwa sharti. "Na wewe uingie. Usikae mlangoni na saa yako kama mkaguzi."

Basi kila Alhamisi alasiri nimekuwa kwenye mduara, Mama, mimi niliyekuwa nakwepa nikisingizia masomo. Mama Mkubwa alinifunga kanga kichwani mwenyewe, akanikaza sana, nadhani kwa kulipiza kisasi cha miaka. Nikuambie nilichopata? Miguu kufa ganzi. Pumzi yangu kukosa mwendo na kuudhi jirani. Alhamisi ya pili, dakika fulani, sikujua pumzi ipi ni yangu, na mara nilipogundua sijui, nikajua, ikaisha. Hicho ndicho nilichonacho. Nakitoa kama kilivyo, ulivyotufundisha.

Na Hadija? Alhamisi ya kwanza tulipotoka aliniambia, "Hakuja." Uso wake ulikuwa mzito, nikaogopa kwamba kesho hatameza. Alimeza. Alhamisi ya pili, "Hakuja." Alimeza. Ya tatu alikuja mwenyewe kunitafuta jikoni, akasema, "Hakuja tena, dada. Lakini nilikuwa nawasikia kina mama wanavyopumua, na Bi Zuhura ana kikohozi upande wa kulia, na nikawa sitaki waache." Nikamuuliza kama kulikuwa na harufu ya mvua. Hapana. Utamu? Alifikiri. "Si ule. Ule ulikuwa unanichukua. Huu nilikuwepo."

Mama, sijui niuweke wapi huo. Sitasema ni mwanzo wa kile ulichokuwa nacho, maana ningependa sana kusema hivyo, na jambo ninalolipenda sana ndilo linalopaswa kunitia shaka kwanza. Sitasema pia si kitu. Ninaloweza kusema kwa uhakika ni dogo: mdogo wangu amekaa katikati ya watu saa nzima akiwa macho, akatoka kwa miguu yake.

Juzi, Alhamisi ya mwisho ya likizo, jambo limetokea ambalo ndilo lililonifanya nichukue karatasi hii. Binti wa Mama Salehe, yule mdogo anayesoma darasa la pili, alianguka katikati ya zikiri. Joto la malaria, tumejua baadaye, na sasa anaendelea vizuri. Lakini alipokakamaa, wanawake walirudi nyuma, mikono ikapanda juu, mtu mmoja akaanza kusema kwamba ana mgeni. Na kabla sijasimama, Hadija alikuwa ameshafika. Alimlaza ubavu. Alivuta chetezo cha udi mbali na miguu yake. Akasema, kwa sauti yako kabisa, ile isiyopanda, "Mgeni atangoja. Leteni maji, na mmoja akamwite mganga wa zahanati." Mama Mkubwa ndiye aliyekimbia. Sijamwona akikimbia tangu nizaliwe.

Jioni nilimuuliza Hadija alijuaje la kufanya. Akasema, "Nilikuwa natazama uso wake, na sikutaka aende huko peke yake." Kisha akaenda kwenye kabati, akamimina maji, akameza kidonge chake mwenyewe, bila mtu kumkumbusha, akarudi kupepeta.

Aliogopa? Hapana, Mama. Niliangalia. Nilitafuta hofu usoni mwake kama ulivyotufundisha kuangalia, na haikuwepo. Imetoka wapi hiyo, kwenye kidonge, kwenye zikiri, kwako, kwenye kovu, mimi sijui. Ila ninajua pa kuanzia kuuliza.

Kwa hiyo kesho naweza kupanda basi. Vidonge vya miezi kadhaa viko kabatini, na Mama Mkubwa ameahidi kwamba udi utakaa mbali na moto utakaa mbali zaidi. Hadija ataendelea na zikiri yake. Mimi Alhamisi nitakuwa Korogwe nikifundisha mfumo wa fahamu darasani, na mwanafunzi akiniuliza ubongo unaweza kujua nini, sitamdanganya kwa kusema kila kitu, wala kwa kusema si kitu.

Nakuahidi mambo mawili tu, maana mengi yanasahaulika. Sitaruhusu mtu yeyote, wa udi wala wa kalamu, akutumie wewe kumueleza Hadija, au amtumie Hadija kukueleza wewe. Na nitaendelea kuuliza, taratibu, mtu mmoja mmoja, nikiandika wanayosema hata nisipoyapenda. Siku nikijua kilichokupata nitakuja kaburini kukuambia. Nisipojua nitakuja pia.

Lala salama, Mama. Nasikia sauti zao, wanarudi kutoka shambani, na Hadija anamcheka mtu.

Mwanao,
Zaina